Ushanga Uliotoka Pafuni

Baba watoto,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Nguo zianue kabla ya mvua.

Nimepita kubadili nguo tu, narudi hospitali. Kile kikohozi cha mtoto kilichoanza nilipokuwa kwa mama, nimekuachia wewe umlee, ukaapa ni pumu, leo asubuhi kimejulikana. Daktari kapitisha mrija mwembamba wenye kamera mpaka kwenye pafu la mtoto, akaopoa ushanga mwekundu. Sasa anapumua vizuri. ~~Usije.~~ Njoo jioni na shuka lake.

Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua inapita kifuani kwa mtoto. Shanga zangu za kiunoni ni nyeupe tupu, unazijua, uliniletea wewe.

Huo mwekundu nimekuwekea kwenye kikombe chako. Mrudishie mwenyewe, asije akahangaika kuutafuta.

Mama watoto