Sakafu Isiyotaka Kushika

Kibokoni, Mombasa
Mfunguo Tatu, 1320 Hijria

Kwa kaka yangu Akil, Unguja.

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi, ila viganja vyangu vimejaa malengelenge, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Uliagiza sakafu ya juu itengenezwe kabla ya masika, kisha uje umchukue mama akakae kwako, na nyumba tuipangishe. Fundi Ngumbao akaanza kazi. Yeye huchanganya chokaa na kokoto, halafu hutia kidogo tu maji ya bamia zilizochemshwa, ili mchanganyiko uwe laini na utandazike. Wanawake wa mtaa wakapanda na vibao vyao, nami nikiwamo, wakawa wanaipiga sakafu na kuimba tangu asubuhi. Sauti ya jirani yetu Bi Intisar unaijua. Wachukuzi walikuwa wakisimama njiani kumsikiliza.

Lakini chokaa haikushika. Ilitandazika kama uji mzito, na kesho yake kidole kikazama. Tukaichokoa tukaanza upya, ikawa vile vile. Fundi akawalaumu waliochoma chokaa, kisha akanilaumu mimi kwa kuchemsha bamia vibaya. Nilimjibu kwamba kwetu hajapata mtu kurudisha sahani ya bamia nilizopika.

Akafanya matonge ya kujaribia, akayaanika. Tonge lisilo na bamia lilikuwa zito kukandika, na lilipokauka likapasuka. Lenye bamia kidogo lilikandika vyema, na nyundo haikulivunja. Lenye bamia nyingi lilikuwa laini kuliko yote, nalo likamong'onyoka mkononi. Akasema basi kipimo chake ni sawa, ila kuna mtu anaongeza.

Fundi alipokwenda kula nikajibanza nyuma ya mlango. Aliyepanda ngazi na sufuria ya maji ya bamia alikuwa mama.

Wajua tangu baba afariki mama hatoki chumbani, na eda ilikwisha zamani. Nilipomkabili hakubabaika. Alisema sakafu ikishika wanawake watashuka na nyimbo zao, nawe utakuja, naye atatolewa katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia, kwa kuwa mimi nawe tulipanga safari yake na hakuna aliyemwuliza.

Nikamwahidi kukuandikia, naye akaiweka sufuria. Sakafu sasa ni ngumu kweli kweli. Siku ya mwisho mama aliipiga mwenyewe, akiimba kumshinda Bi Intisar, na jana amemwambia fundi kwamba sakafu ya jikoni nayo yataka kutazamwa. Kaka, nakuomba usimhamishe.

Nisalimie wifi na unibusie watoto. Mama anakusalimu sana. Anasema njoo ukae upendavyo, na siku ya kuondoka atakufungia mzigo wako kwa mikono yake, wako peke yako.

Ni mimi nduguyo,
Ummulkheir