Mashini ya Kuziba Sauti

Siku ya kazi ya kwanza ya juma, 12 Oktoba 1998

Leo tumemaliza kufunga waya kule base ya baaskari. Mashini iko kubwa kama kabati ya Lucienne, bibi yangu wa ndoa. Banaiita brouilleur. Kazi yake moja tu: kutupa kelele hewani, redio zote za hapa karibu zisisikie kitu wala kusikilika. Ni juu ya bale baofisa bafungwa ba kule base — banasema mumoja alificha karedio, anaongea na baasi. Minyi nilifanya miaka kumi na ine kwa redio ya treni, njo maana balinichukua. Adjudant Lumbala, mukubwa wa kule, aliniapisha juu ya Biblia yangu mwenyewe: hata bibi yako asijue. Niliapa. Tena kwa furaha! Juu ya mushahara, unga imerudi ku nyumba. Siku ya ine tunaiwasha — saa tatu asubui mpaka jioni, kila siku.

Siku ya kazi ya tatu, 14 Oktoba

Mama Phébé, jirani yetu, alikuja kuniona, juu minyi ni muzee wa kanisa. Mutoto wake Valérie iko Bukama, karibu kuzaa. Mimba mbili za kwanza zilikufia mulangoni, wakati wa kuzaa. Bamama ba kule bamesema: ni kasirani ya mama njo inafunga tumbo. Kweli, miaka tatu Phébé hajasema naye, juu Valérie aliolewa na bwana ambaye mama hakumupenda. Sasa mama afungue kwa kinywa chake, na mutoto asikie na masikio yake. Barua haifai. Treni iko mikononi mwa baaskari. Inabaki foni ya kanisa tu, ile redio ya kuongea na Bukama kila siku saa ine.

Nilimuambia: Mama Phébé, miaka tatu inatosha, sema na mutoto wako. Alilia sana. Mwisho akasema, "Sawa, Papa Abner. Kesho saa ine. Umenishinda."

Nilijisikia muntu wa Mungu kabisa! Nikawa nanawa mikono nile — njo nikakumbuka. Kesho. Saa ine. Na saa tatu ninawasha.

Nilikuwa nashauri na kichwa cha kanisa, kile cha kazi nilikiacha base.

Siku ya kazi ya ine, 15 Oktoba

Nimewasha. Sikuzima.

Siku ya posho, mwisho wa juma, 17 Oktoba

Banza, muntu wa foni, anasema tangu siku ya ine ni kelele tu, kama mvua juu ya mabati. Amefungua foni yake, amesafisha, amefunga tena. Masikini. Hana kosa.

Mama Phébé anakuja kila siku, amevaa kitambaa cha kwaya. Anakamata mikro, anaita, "Valérie! Ni mama! Valérie!" Bamama ba ku robinet, pale pa kuchota maji, banamucheka: "Miaka tatu ulimunyima sauti, sasa Mungu naye anakunyima hewa!"

Jioni aliniambia polepole, "Banasema kweli, Papa Abner. Ni minyi. Mungu hataki kubeba sauti yangu."

Nilikuwa na jibu mudomoni. Nikasema: tuendelee kuomba.

Tuendelee kuomba! Bwana, ulinisikia.

Siku ya Mungu, 18 Oktoba

Leo njo mubaya zaidi. Pasta ametangaza kufunga chakula siku tatu, juu ya pepo anayeziba foni. Kisha mbele ya kanisa yote: "Papa Abner, weye unajua mambo ya redio. Utuongoze."

Nilipiga magoti. Sauti yangu ilitoka nzuri, hata nashangaa. Niliomba Bwana avunje kelele, amufukuze adui anayekaa kati ya mama na mutoto. "Amina!" Mama Phébé njo alisema kwa nguvu kupita bote. Nilifunga macho, nisimuone.

Njiani Lucienne alisema, "Leo umeomba, mwanaume! Mpaka shati imeloa."

Siku ya kazi ya pili ya juma jipya, 20 Oktoba

Draisine, kale kagari ka batengenezaji ba reli, imepita alfajiri kutoka Bukama. Imeendelea mbele, hairudi leo. Muntu mumoja aliacha habari: uchungu umemukamata Valérie tangu jana. Anakataa kusukuma. Anasema hii mimba nayo itakufa, kama mama hajasema. Banamuweka karibu na foni ya kule, anangojea saa ine.

Mama Phébé iko kanisani tangu jua kutoka.

Nilijaribu. Kweli nilijaribu! Nilimuambia adjudant: mukubwa, dakika kumi tu, kuna mama anazaa. Alicheka. "Papa, bamama banazaa kila siku bila redio. Ukizima, utalala kule na bale bafungwa. Na weye njo uliapa, si minyi." Kisha akaenda kutafuta mazuti ya mashini. Hatarudi upesi.

Kwa hiyo iko minyi peke yangu, na mashini, na hii kayee ninayoandika ndani. Kiapo ni kiapo. Lakini si kiapo ninachoogopa, Bwana, unajua. Naogopa cachot, kale kachumba ka bafungwa.

Saa ine kasoro dakika mbili. Manette, mukono wa kuzimia, iko hapa, karibu na goti. Kushusha tu. Nimesema niandike mustari mumoja kwanza, nitulie.

Saa ine. Sasa Mama Phébé amekamata mikro. Anaita.

Saa ine na dakika tano. Bado naandika.