Dakika Tatu Nyuma ya Migunga

Ijumaa, 3 Februari 1967

Shule imefungwa mapema tena. Madaftari hayajasahihishwa, sina hamu. Nimeifuta saa ya michezo, ile ya kubonyeza. Kesho Haji Dakane anataka gari lake jekundu lizunguke uwanja wa ndege. Mzunguko wetu huo unajulikana hadi Wajir, na rekodi bado ni ya Mzungu mmoja aliyeondoka wakati wa Uhuru: dakika nne kasoro kidogo. Inamkera Haji. Dereva ni Yusuf, mume wa dada yangu Halima. Mwamuzi ni mimi, kama kawaida. Inspekta wa polisi ametoa ruhusa, mradi tumalize kabla ya kafyu. Nimefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 4 Februari

Sielewi. Yusuf aliondoka kwa kasi, vumbi likatuziba macho. Akapotea nyuma ya migunga, upande wa mbali. Mngurumo ukakatika. Watu wakatazamana.

Gari lilipotokea, saa ilisema karibu dakika saba. Nikaitaja kwa sauti mbele ya wote. Mjinga mimi. Inspekta akauliza dakika tatu zile alikuwa wapi. Yusuf akasema injini ilizima. Haji, kwa aibu, akaapa gari lake halizimi.

Wamemchukua. Wanasema alisimama kukutana na mashifta, waasi wa msituni.

Jumapili, 5 Februari

Halima hali chakula. Ananiuliza kwa nini sikufunga mdomo. Mwamuzi husema saa inavyosema. Lakini Yusuf? Mtu anayeogopa hata kuchinja kuku? Ila binamu yake yuko msituni, kila mtu anajua. Kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 6 Februari

Nimekwenda kwenye migunga, nikijifanya natafuta mbuzi. Alama za magurudumu zimesimama ghafla. Mbele yake nyayo za ngamia, mmoja nyuma ya mwingine, kuelekea mtoni. Kipande cha mkeka wa nyumba kimenasa kwenye miiba.

Familia ilikuwa inahama, nyumba yao ya miti na mikeka imefungwa juu ya ngamia. Hakuna mtu wetu anayekata msafara wa namna hiyo. Unasubiri mnyama wa mwisho apite, hata ukiwa na mgonjwa garini. Yusuf alisubiri, rekodi ikaenda zake.

Na sasa najua kwa nini hasemi. Serikali imeamuru kila familia iingie kwenye vijiji vya ulinzi. Akiwataja, watafuatwa leo leo.

Nilitaka kucheka. Halafu nikaona, kati ya alama za makubazi, alama ya buti. Moja tu, wazi kabisa. Mchungaji gani anavaa buti kama shifta? Labda aliokota. Labda siyo. Nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 7 Februari

Nimemwambia Inspekta saa yangu ni mbovu. Vumbi liliingia, mshale ukaruka, nikaona haya kusema.

"Mwalimu, saa yako haijawahi kukosea," akasema.

Nikasema sasa imekosea. Akanitazama sana. Haji, ambaye sasa anataka dereva wake arudishwe, akadakia kwamba pengine injini ilizima kidogo kweli. Nimedanganya kwa ajili ya mama fulani na watoto wake waliokuwa kwenye msafara ule, au kwa ajili ya mwenye buti. Sijui.

Ijumaa, 10 Februari

Yusuf ametolewa. Amekonda. Mjini wananiuliza saa ngapi, kisha wanacheka. Haji amesema mbio zijazo atatafuta mwamuzi mwingine. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Nimekula kwao baada ya swala. Halima alipoingia jikoni, Yusuf aliniinamia, akasema kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Nyumba nzima ilikuwa juu ya ngamia, walaal, ndugu yangu. Mimi nabita katikati namna gani?"

Nikasema najua. Swali la buti lilikuwa mdomoni. Halima akarudi na birika, akammiminia mumewe kwanza, mkono wake begani kwake.

Nikaomba sukari.