Kahawa Aliyoing'oa Mama Aurelia

Dada Neema, shikamoo. Huku Uru mvua inanyesha tangu Jumapili, na mimi nimechoka mwili na akili. Msimamizi wangu ameirudisha tena sura ya tatu ya tasnifu yangu ya falsafa, ile inayouliza kama ahadi uliyompa mtu inaendelea kukubana baada ya yeye kufa. Mwaka wa sita huu nasomea uzamivu.

Jana nilikwenda kumhoji Mama Aurelia, mjane wa hapa jirani. Nilimkuta anamenya ndizi za kupikia supu ya mtori, akanipa na mimi kisu. Mumewe alipokaribia kufa alimwapisha asiing'oe kahawa yake. Kahawa ikashikwa na ugonjwa, naye mwaka jana akaing'oa yote.

"Hukuogopa, mama?"

"Niliogopa sana. Nikaenda kaburini, hapo nyuma ya nyumba, nikamwambia, Baba Josefu, nimeshindwa, naing'oa."

"Ukajibiwa nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, si amekufa? Nililia weee, kisha nikachukua jembe."

Sikuandika kitu. Nilimkumbuka baba yetu siku ile hospitalini, nilivyomshika mkono nikamwahidi kwamba lazima nitaitwa daktari. Dada, sitaitwa. Leo asubuhi nimemwandikia msimamizi kwamba naacha.

Nikifika nyumbani Singida, nisindikize makaburini nimwambie baba kwa mdomo wangu. Usiseme lolote, simama tu karibu nami. Mpe mama pole ya mguu, na watoto uwakumbatie sana.

Mdogo wako,
Tumaini