Mlima Uliouchora Ukutani, Mama Cecilia

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya tarehe 9 Februari ulipotutoka hapa Mafiga, ukiwa na miaka sabini na moja. Ni mimi Gervas, mwanao wa kwanza, ninayeandika kwa niaba ya wenzangu. Mdogo wangu Catherine amekaa pembeni ananisahihisha, maana anasema nina tabia ya kuruka yale yanayoniaibisha. Leo sitayaruka.

Ulipenda kusalimia kila mtu. Chai yako ya tangawizi ilikuwa kali mpaka wageni wanakohoa, nawe unacheka na kuwaongezea. Ulilima kabichi, karoti na njegere kwenye matuta ya mlimani, mahali penye mteremko mkali kiasi kwamba sisi watoto tulidhani kila shamba duniani hulimwa huku mkono mmoja umeshikilia kitu.

Kisha ikaja masika ile ambayo mlima ulikatika. Kitongoji chetu kiliporomoka hadi bondeni, na baba yetu, Stephano, akaenda nacho. Wewe tulikukuta hai ng'ambo ya korongo, umeshika jembe. Tukakuleta mjini, hapa kwangu Mafiga. Miaka miwili ulikaa barazani umeupa mlima mgongo. Tulipokuuliza ilikuwaje siku ile, ulisema, "Ilinyesha." Basi.

Aliyekuinua pale ni jirani yetu Raya, fundi cherehani. Kila Jumamosi alasiri watu wa mtaa walikusanyika uani kwake: wengine wakisuka ukili, wengine wakichonga, vijana wakitunga nyimbo zao, na Amosi, mwandika vibao vya maduka, akifundisha kuchora kwa rangi zilizobaki kwenye kazi zake. Raya alikuja akapiga magoti mbele yako.

"Shikamoo mama. Twende ukakae nasi."

"Marahaba. Mimi sijui kitu, mwanangu. Najua kulima tu."

"Hata kukaa kunatosha. Twende."

Ulikaa Jumamosi tatu bila kugusa chochote. Ya nne ukaomba brashi, ukachora kabichi. Ya bluu. Watu wakacheka.

"Mama, kabichi ya bluu umeiona wapi?" Amosi akauliza.

"Shambani. Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijauvuka mlima. Wewe hiyo saa umelala."

Raya anasimulia mpaka leo kwamba Amosi aliinama, akaitazama ile kabichi kwa muda mrefu, kisha akakusogezea makopo yake yote.

Mimi sikuwepo. Niliona aibu, mama yangu wa miaka sitini na sita kurudi nyumbani na rangi kwenye kanga kama mtoto wa chekechea. Nilikwambia, "Mama, watu watasema nini?" Ukanijibu bila hasira, "Wakishasema, uje uniambie." Kisha ukaniomba ukuta, ule wa nje unaotazama barabara, nilioupiga plasta na kuupaka chokaa kwa ajili ya Krismasi. Nikakataa. Nilikunyima ukuta wiki tatu, Mama. Ninakuomba msamaha mbele ya wote wanaosoma hapa.

Jumapili moja baada ya misa uliokota kipande cha mkaa, ukainama kwenye sakafu ya baraza, ukaanza kuchora.

"Hapa palikuwa na nyumba. Hapa zizi la mbuzi. Mimi nilikuwa hapa ng'ambo, nachimba mfereji ili maji yapite. Baba yako alikuwa ameshatoka, Gervas. Alishafika hapa, kwangu. Akasikia mbuzi wanalia. Akarudi kuwafungulia."

Ukauweka mkaa chini.

"Wawili walitoka. Walinipita wakikimbia."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na ndiyo kwanza nikajua baba yangu alikufaje. Kwa miaka yote ile mdomo ulikushinda, mkono ukaweza. Ukuta nilikupa jioni hiyohiyo.

Mliupaka kwa Jumamosi sita, wewe na Raya na Amosi na kila aliyekuja na mikono yake. Ulisimama juu ya stuli, Catherine amekushika kiuno, ukauchora Uluguru wote, na katikati yake ule mpasuko mwekundu, mpana, kutoka juu kabisa hadi mtoni. Mahali pa nyumba uliacha nafasi nyeupe, kumi na tisa.

Habari zilipanda mlimani na wauza mboga. Jumamosi ya saba wakashuka watu zaidi ya thelathini, wenzetu wa kitongoji waliokuwa wametawanyika. Walisimama barabarani. Bodaboda walizima injini zao. Ndipo baba mdogo Yakobo, mdogo wake baba, alipousogelea ukuta, akapima kwa vidole kutoka kwenye korongo.

"Shemeji, mlango wangu ulikuwa upande huu. Nipe hiyo brashi."

Akachora mlango wake. Nyuma yake akaja Mama Shukuru, akachora mgomba. Mwingine kisima. Dada mmoja alikuuliza kama si vibaya kuwachora wanawe wawili wakicheka, nawe ukamwambia, "Wachore walivyokuwa." Mpaka jua linazama nafasi zote kumi na tisa zilikuwa zimejaa. Nilikuwa nimekaa vumbini na suruali yangu ya kazini. Nilizaliwa chini ya ile milima, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile.

Ukageuka, paji la uso lina rangi nyekundu. "Mbona umekaa? Bado zizi la mbuzi." Nikalichora mimi.

Tangu siku hiyo hukusimama. Ulijifunza kufinyanga. Ulijifunza kushika kipaza sauti, ukaingiza Kiluguru chako kwenye nyimbo za vijana, nao wakakuita "Bi Mkubwa wa Korasi". Kila ulipoanza jambo jipya tuliona hofu usoni mwako, na ulilianza hivyohivyo. Hata moyo ulipochoka na daktari akakukataza kupanda stuli, uliwaambia waushushe mlima, uchore ukiwa umesimama chini.

Mvua za mwaka huu zimeanza kuufuta ukuta upande wa kushoto. Sisi wanao tulitaka kuupaka upya vilevile ulivyouacha. Raya akakataa. "Mama mwenyewe asingeurudia," alisema. Tulibishana, kisha tukaona kasema kweli. Wenzetu wanajenga sasa ng'ambo ya mto, kwenye ardhi tambarare, nyumba kumi na moja zimeshaezekwa. Upande ule uliofutika watazichora hizo, kila mtu mlango wake.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi hii asubuhi, na dua itasomwa uani kwa Raya saa nane mchana. Baada ya hapo kazi ya ukuta itaanza. Atakayekuja avae nguo asizoogopa kuzichafua.

Unakumbukwa na wanao Gervas, Catherine na Godfrey; mkweo Modesta; wajukuu zako Glory na Stephano mdogo; shemeji yako Yakobo; Raya, uliyemwita mwanangu naye akawa; Amosi, na watu wote wa Jumamosi.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, mikono yetu ikiwa na rangi.