Kipepeo Aliyetoka na Skafu Yangu

Jumamosi, 12 Januari 2019

Leo miaka arobaini na moja kamili tangu niondoke nyumbani. Mjukuu wangu hajui. Kanipeleka bustani ya vipepeo kwa sababu nje ni theluji tupu na mimi nanung'unika.

Jumba la vioo, joto la kule kwetu. Miwani iliingia ukungu mlangoni, nikasimama kama kipofu. Harufu ikanifikia kwanza – udongo uliolowa, majani yanayooza.

"Babu, unalia?"

Nikasema ni miwani.

"Miwani umeishika mkononi, Babu."

Kinyonga alikuwa tawini, jicho moja kwangu, la pili mlangoni. Mdogo wangu angekimbia mpaka barabarani. Nyoka hakuwahi kumtisha hivyo.

Pa kutokea kuna milango miwili, katikati kioo kirefu cha kujitazamia. Kila mtu hugeuka, mtunzaji amkague, kipepeo asitoke amejificha kwenye nguo. Mtunzaji alikuwa na kundi la watoto. "Ngoja kidogo, mzee wangu." Nikamwambia nimeshajikagua. Uongo. Nilikuwa nawahi basi.

Jumapili, 13 Januari

Kipepeo alikuwamo kwenye mkunjo wa skafu. Mweusi, mistari ya buluu. Nimemweka karibu na hita, maji ya sukari kijikoni. Amefungua mabawa mara mbili.

Mdogo wangu kapiga simu. Mwanawe anaoa mwezi ujao, na nafasi iliyopo ni chumba changu tu. Siku ile natoka na begi moja, yeye ana miaka kumi na miwili, nilimwambia: usimpe mtu chumba changu, nakuja. Hakumpa mtu. Hata Mama alipougua, alimuuguza sebuleni, kwenye mkeka. Hilo nimelijua leo.

"Kaka, sikufukuzi. Niambie tu, niendelee kufagia au nitoe kitanda?"

Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumatatu, 14 Januari

Nimemrudisha bustanini, ndani ya chupa ya jemu, chini ya koti. Mtunzaji aliishika chupa kwa mikono miwili.

"Kumbe ni huyu. Tumehesabu mara tatu, mzee wangu. Mwenzangu akaniambia nimezeeka, sioni."

Nikaomba samahani, nikamwomba amwachie ndani.

"Akishatoka harudi. Anaweza kuingiza ugonjwa, niwapoteze wote."

"Ni siku mbili tu."

"Hata ingekuwa saa moja."

Hakunigombeza. Angenigombeza, ningepumua. Kanifungia kipande cha chungwa kwenye karatasi. Kipepeo ana siku nne tano za kuishi, kasema, asikae gizani. Kisha akanigeuza mbele ya kioo, akanikagua mgongo, kola, mifuko. Taratibu. Niliona aibu mpaka masikioni.

Jumanne, 15 Januari

Chungwa hajaligusa. Anapanda kioo cha dirisha, anateleza, anapanda tena.

Mdogo wangu kapiga mara mbili. Sikupokea. Namwandikia ujumbe tangu asubuhi. Nimefuta "labda mwakani". Nimefuta "afya ikiruhusu" – afya ninayo, nimepanda ngazi zote za bustani ile bila kupumzika. Umebaki mstari mmoja: Toa kitanda, mpe mwanao chumba. Sijautuma. Baada ya huo atauliza neno moja tu, na jibu lake ninalo miaka mingi, sikumpa. Mama alifia mkekani kwa kukosekana jibu hilo.

Simu inaita tena. Ni yeye.

Sitarudi.