Mashine Iliyofunikwa Kitambaa

Mdogo wangu,

Neno "mpendwa" nimeliweka pembeni kwanza. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokulia katika kota za polisi, na ndicho kinachosomwa katika kambi yako ya jeshi. Siifungi barua hii katika bahasha. Atakayeibeba aisome, akimaliza ampe mwenzake.

Unakumbuka gego lako la kwanza kuoza? Baba alikushika kichwa, fundi wa baiskeli akaja na koleo lake linalonuka grisi. Ulimng'ata Baba kidole hadi akapiga yowe, yeye konstebo mzima aliyezoea wezi. Jino lilitoka na nyama. Ulikuwa ukitema damu kwenye kopo, na Mama hakubanduka kando yako.

Ndiyo maana gego la pili lilipoanza kukuuma, ukiwa kijana wa sekondari mwenye ndevu za kuhesabika, uliapa bora ufe. Nilikuburuta hadi Wandegeya, kwa yule daktari wa meno Mhindi mwenye chumba juu ya duka la vitabu. Alikulaza kwenye kiti kinachopanda na kushuka, akakuwekea mdomoni kipande cha filamu kisichozidi stempu, akakusogezea shavuni mashine ya picha za eksirei yenye mkono mrefu. Baadaye akatuonyesha jino lako kwa ndani, mzizi na yote, kama anayetuonyesha ramani ya mji. "Mzizi mzima," alisema. "Hatung'oi." Na sisi tulijua kung'oa tu! Ikaja sindano ya ganzi, ikaja mashine mpya ya kutobolea inayoendeshwa kwa upepo, ikilia kama mbu na kurusha maji baridi. Daktari alipokwisha kuziba tundu, wewe ukauliza, "Kaka, anaanza lini?"

Tulicheka njia nzima. Hotelini chai ilikumwagikia shati lote, ganzi haijaisha mdomoni, nawe hujui. Gego hilo unalo hadi leo. Unatafunia nyama ya dhuluma.

Serikali yenu ilipowafukuza Wahindi, daktari yule aliondoka na sanduku moja, na chumba chake "kikagawiwa". Anayenyang'anya akijiita mgawaji, mwizi naye ajiite nani? Hata hivyo niliposikia umepewa wewe, nilipata tumaini la kijinga. Nilisema, huyu amekikalia kiti kile, anajua kilimfanyia nini. Atatafuta daktari mwingine, kazi iendelee.

Kiti ukampa kinyozi wa kambi. Maofisa wananyolewa huku wakipandishwa na kushushwa kama watoto kwenye bembea. Kompresa iliyokuwa ikisukuma upepo wa mashine ya kutobolea sasa inajaza matairi kwenye kituo chako cha petroli. Na mashine ya picha umeisimamisha sebuleni kwako Luzira, kati ya friji na gramafoni, imevikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki. Unawaambia wageni wako kwamba inapiga picha uongo ulio kichwani mwa mtu. Nimeyaona kwa macho yangu: majitu yenye bastola kiunoni yamebanana upande mmoja wa chumba, glasi za pombe ya waragi mkononi, yakikwepa kutazamwa na mashine ya meno!

Taya la Mama lilipovimba, alikuja kwako kwanza, maana wewe ndiye kitindamimba wake. Ulimketisha sebuleni, mbele ya mashine ile ile, ukampa soda ambayo hakuweza kuinywa, kisha ukampeleka kwa dresa wa kambi, mfunga vidonda.

"Fungua mudomo, mama. Wapi nauma?"

Mama alimwonyesha. "Nikamwonyesha linalouma," aliniambia baadaye, "akang'oa la jirani." La jirani lilikuwa zima. Dresa akarudi kwa lile bovu, akalivunja, kipande kikabaki ndani. Akamwambia aende akasukutue kwa chumvi.

Alipofika kwangu Mengo mdomo ulipitisha ncha ya kijiko tu. Uji ulimtiririka kidevuni hadi kwenye gauni lake la gomesi. Pumzi yake ilinuka usaha, na ninaliandika neno hilo makusudi ili ulisome ukiwa mezani. Mama yetu, aliyekuwa akitupigia mswaki wa mti hadi fizi zinang'aa, alikuwa akinigeuzia uso nisisikie harufu yake.

Daktari kijana wa hospitali ya misheni alimtazama, akanivuta kando. "Ssebo, bwana wangu, kipande kimejificha. Nikichimba bila kuona naweza kulivunja taya. Nikikiacha, usaha utashuka shingoni, tutampoteza. Filamu ninazo. Mashine yetu imekufa na spea hakuna."

"Mashine najua iliko," nikamwambia.

Tulikuja Luzira mchana kweupe, mimi, daktari, na Mama akiwa ameegemea bega langu. Mkeo Rehema alitufungulia.

"Shemeji, afande hayupo."

"Yuko wapi?"

Akatazama miguu yake. "Nairobi. Jino linamsumbua."

Mdogo wangu, nimesoma vitabu vingi vya wafalme walafi na watumishi wao, nikadhani hakuna uchafu wa binadamu utakaonishangaza. Ulipanda ndege kwenda kukalia kiti kama kile ulichokigeuza cha kinyozi, upigwe picha na mashine kama ile uliyoivika maua, upewe ganzi. Mama yako ukampa koleo.

Rehema hakungoja nimbembeleze. Aliondoa maua, akakunja kitambaa. "Daktari, eti kweli inaona uongo?"

"Inaona mizizi tu, nyabo."

"Kumbe wanaume wale wote wanaogopa mizizi!"

Mama alicheka, akashika shavu. "Usinichekeshe, mwanangu, utaniua kabla ya jino."

Daktari alichomeka waya pale unapochomeka gramafoni, akatutoa nje mimi na Rehema. Mashine ilikohoa kidogo, ikafanya kazi yake. Filamu iliposafishwa hospitalini, kipande kikaonekana, kimelala kando chini ya fizi. Daktari alijua aingilie wapi. Akapiga sindano ya ganzi, akapasua kidogo, akakitoa, usaha ukafuata. Mama alikuwa macho muda wote. Jioni aliomba matoke ya kupondwa na mchuzi wa njugu, akala, akasema hakusikia kitu. Nilitoka nje nikalia, kwa furaha kidogo na kwa kinyaa kikubwa.

Sasa sikiliza. Siku iliyofuata nilirudi kwako na wabebaji, nikaichukua mashine. Rehema alinipisha kwa sababu nilimwambia nimeamua mimi, na nitajibu mimi. Usimguse. Iko hospitalini, imechomekwa, na benchi la nje halina nafasi. Amepigwa picha mama wa koplo wako, amepigwa picha mtoto wa yule dresa. Wengine hutoka na meno yao kinywani, kama ulivyotoka wewe Wandegeya.

Najua una lori na una watu wa kulipanda. Njoo uichukue. Mama huja kila asubuhi kusafishwa kidonda, hukaa kwenye benchi lile lile, karibu na mlango. Mpite. Lakini kwanza muulize, kwa mdomo wako uliotengenezwa Nairobi, kama yeye na walioketi naye hawaihitaji tena.

Lile neno la mwanzo bado liko pembeni.

Kaka yako,
uliyemng'ang'ania mkono Wandegeya